Daftari la Mwaloni

Dada yangu amejigamba mara moja tu maishani kuhusu biashara yake, na majigambo hayo yalimgharimu shilingi 250,000.

Anauza dagaa mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma, pale yanapopakia maboti ya Kongo na Burundi. Januari 2023 alikwenda kukadiriwa kodi ya mwaka. Ofisa, kijana mwenye adabu zake, akamuuliza: "Mama, kwa mwezi mauzo yako yanafika kama shilingi ngapi?" Sasa, kwenye benchi nyuma yake alikuwa amekaa mwanamke anayeanika jirani naye, ambaye hugombea naye wateja walewale kila asubuhi. Dada akanyoosha shingo. "Laki saba haikosi," akasema.

Laki saba mara miezi 12 ni 8,400,000. Kijana akaandika, akampa karatasi. Jioni dada akaja nayo kwangu Ujiji, akaiweka mezani chini ya mwembe. "Kaka, hebu nisomee. Macho yangu leo yamegoma." Macho yake hayakuwa na tatizo lolote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu. Ujiji kuna miembe inayotembelewa na watalii kwa ajili ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871. Mwembe wangu hauna mtalii. Wanaokuja ni watu na karatasi zao: leseni, makadirio ya kodi, mikataba ya mikopo, risiti za ushuru zilizotoka kwenye mashine zikiwa tayari zimefifia. Silipwi kitu, ila sikumbuki mara ya mwisho niliponunua dagaa kwa fedha yangu.

Nitawaeleza ninyi kama nilivyomweleza yeye, maana nimeona watu wengi mwaloni wanalipa kodi kwa hesabu wasiyoijua.

Mfanyabiashara mdogo Tanzania, mtu binafsi ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 100, hatozwi kodi ya mapato kwa faida kama kampuni. Anatozwa kwa mauzo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi chochote. Kuanzia hapo hadi milioni 7, shilingi 100,000. Kutoka milioni 7 hadi 11, shilingi 250,000. Dada alijipandisha kwenye ngazi hiyo kwa kinywa chake mwenyewe, bila kusukumwa na mtu.

Lakini hizo ni bei za asiye na kumbukumbu. Kwenye jedwali hilohilo kuna safu nyingine, ya mwenye kumbukumbu za mauzo yake. Huyo, akiwa kati ya milioni 4 na 7, anatozwa asilimia 3 ya kile tu kilichozidi milioni 4. Akiwa kati ya milioni 7 na 11, anatozwa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Chukua watu wawili waliouza milioni 5 kila mmoja: asiyeandika analipa 100,000, aliyeandika analipa 30,000. Chukua wengine wawili waliouza 4,100,000: asiyeandika ni 100,000 ileile, aliyeandika ni 3,000. Elfu tatu, bei ya kilo ya sukari. Hata yale majigambo ya dada, kama yangekuwa yameandikwa kwenye daftari siku kwa siku, yangemtoka kwa 132,000 badala ya 250,000.

Viwango hubadilika. Kila Juni Bunge linapitisha Sheria ya Fedha mpya, na anayesoma haya aulize vya mwaka wake. Ninachotaka kionekane ni zile safu mbili. Katika misaada yote ambayo serikali imempa mchuuzi kwa upande wa kodi, mkubwa kuliko wote kwa maoni yangu umo kwenye safu ile ya pili, na unapatikana kwa bei ya kauntabuku ya kwaya mbili. Mwaloni sijawahi kuona mtu ameutangaza kwa kipaza sauti. Matangazo ya tarehe za mwisho za kulipa nimeyasikia.

Niliwauliza wanawake wa Kibirizi kwa nini hawaandiki. Wengi wanajua kusoma vizuri tu. Baadhi nimewafundisha mwenyewe. Mmoja akanijibu bila kuacha kugeuza dagaa wake: "Mwalimu, ukiandika umejishtaki."

Hofu hiyo haikuzuka jana. Babu yetu mzaa baba alikwenda Tanga kukata mkonge ili apate fedha ya kodi. Wajerumani walianza na kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, Waingereza wakaendelea na za kwao, na nchi ya Waha ikafanywa kisima cha vibarua, manamba wa mashamba ya mkonge. Jina lako likiingia kitabuni unadaiwa, na usipokuwa nacho unafunga safari. Uhuru ulikuja, na baadaye ikawepo Kodi ya Maendeleo, ambayo huku hatukuacha kuiita kodi ya kichwa, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Nakumbuka asubuhi za msako nikiwa mwalimu kijana. Vijiji vya mwambao vilikuwa vitupu, kina baba wote wako ziwani mchana kweupe, wanavua dagaa ambao kila mtoto wa Kigoma anajua huvuliwa usiku. Mtu aliyekulia katika hali hiyo, ukimwambia aandike ili alipe kidogo, anakutazama kama unayemtega.

Dada naye alinitazama hivyo. Lakini awamu ya kwanza ya deni lake ilikuwa shilingi 62,500, Machi 31, na nyingine tatu kama hiyo zikingoja Juni, Septemba na Desemba. Aprili akanunua kauntabuku.

Ni daftari hilo lililonifundisha biashara ya dagaa, mimi niliyezaliwa nayo. Kwanza, mwezi. Vipe, vyombo vya kuvulia dagaa, huingia ziwani wakati wa giza, taa zikiwashwa dagaa wanakusanyika chini yake. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola, na ukisimama ufukweni usiku wa giza utadhani kuna mji mwingine umejengwa katikati ya maji. Mbalamwezi ikikomaa, dagaa hawafuati taa na vipe vinalala. Kwa hiyo kurasa za dada zina vipindi: siku 18 au 20 zimejaa, halafu pengo, kisha zinajaa tena. "Laki saba" yake ilikuwa ya mwezi mmoja mzuri. Hakuna mwaka wenye miezi 12 mizuri.

Pili, beseni. Tuchukue bei za siku ya kawaida katika daftari lake. Beseni la dagaa wabichi ananunua kwa 60,000 alfajiri kipe kinapofika. Anaanika kwenye chanja ya waya, jua likiwa kali wanakauka siku hiyohiyo, anauza 72,000. Ameingiza 72,000 na amebakiwa na 12,000, ambayo ndani yake kuna ushuru, nauli, kijana wa kubeba na chai. Sasa fanya hesabu niliyowafanyisha watoto wa darasa la sita maisha yangu yote. Ili avuke milioni 4, anahitaji kuuza mabeseni 56 kwa mwaka. Ni kama beseni moja kwa wiki na kidogo. Faida ya mabeseni 56 ni shilingi 672,000, yaani 56,000 kwa mwezi. Hapo tayari sheria inamhesabu kuwa mtu wa kulipa kodi ya mapato.

Mwajiriwa mwenye mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hakatwi kodi. Ndivyo ilivyo tangu Julai 2020. Naye mpwa wangu anasuka nywele Mwanga: mtaji wake ni kitana, mikono na mafuta kidogo, nywele za bandia anakuja nazo mteja. Akiingiza milioni 4, karibu yote ni yake. Msusi na muuza dagaa wakisimama kwenye mstari mmoja wa milioni 4, mmoja ana milioni 3 na ushei mfukoni na mwenzake hana milioni moja. Sheria inawaita wote wadogo, inawapimia kwa pishi moja.

Wanaotetea mfumo huu wana hoja, nami nimeifikiria usiku mwingi. Kumpima muuza dagaa kwa faida kungetaka risiti ya kila beseni, na mwenye kipe hatoi risiti saa kumi na moja alfajiri akiwa amesimama majini. Mauzo ni rahisi kuhesabu. Wakenya nao wanatoza kwa mauzo: kwa sheria yao ya 2023 ni asilimia 3. Ila wao wanaanza kuhesabu kwa mtu aliyefikisha shilingi milioni moja za kwao, ambazo kwa kubadilisha fedha ni karibu mara tano ya milioni 4 zetu. Mwenzake dada huko Kisumu, mwenye mabeseni yaleyale, hangeguswa kabisa. Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Pishi la mauzo naweza kuvumilia, mradi mstari wa kuanzia uvutwe juu.

Nikupeleke kwenye ukurasa mmoja wa Machi. Ni msimu wa mvua, na dada amenunua beseni la 60,000. Saa nne wingu linatoka upande wa Kongo. Ukiwa Kibirizi wakati huo utaona kitu kimoja: wanawake wote wanaacha maongezi katikati ya neno na kukimbilia chanja zao na maturubai. Siku hiyo turubai lilikuwa limeazimwa. Dagaa wakinyeshewa wakiwa nusu kavu hugeuka rangi, fedha inakuwa kama majivu, na kufikia kesho yake hawafai tena kuliwa na mtu. Akaja mnunuzi wa chakula cha kuku, akatoa 35,000. Dada amepoteza 25,000 mchana mmoja. Kwenye daftari, safu ya mauzo, imeandikwa 35,000. Akikusanya mwisho wa mwaka, hiyo 35,000 inaungana na nyingine na kumsogeza kwenye kodi. Sheria imeiona fedha iliyoingia. Ile 60,000 iliyotoka haina safu yake.

Wako watakaosema mbona kulikuwa na kitambulisho. Kweli kilikuwepo. Desemba 2018 Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho vya wajasiriamali, 25,000 kwa kila mkoa, kila kimoja kikiuzwa shilingi 20,000 kwa mwenye mauzo chini ya milioni 4. Cha dada ninacho hapa kwenye mkoba wangu wa karatasi. Hakina picha wala jina lake. Kwa hesabu kavu lilikuwa jambo la ajabu, kwa sababu mtu wa chini ya milioni 4 hakuwa akidaiwa kodi ya mapato hata kabla yake, hivyo alilipia 20,000 ili asidaiwe kitu ambacho hakudaiwa. Lakini nilikosea kukicheka mbele ya dada. "Kaka," akaniambia, "wewe hujawahi kumwagiwa dagaa na mgambo." Alichonunua ni kukaa kwenye chanja yake bila kusumbuliwa na mkusanya ushuru wa kila siku, na kwa mwaka ule alikipata. Halafu mwaka ukaisha.

Upande wa mitaji kuna ile mikopo ya asilimia 10. Kila halmashauri inatakiwa kisheria, tangu 2018, kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuikopesha bila riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mimi, mwanamume niliyestaafu, mwenye afya yangu, simo popote, na mvuvi wa miaka 55 mwenye nyavu zilizochanika naye hayumo. Hata hivyo ni sera ninayoipenda, kwa sababu moja ambayo sijasikia ikisemwa. Mapato ya ndani ya manispaa ya Kigoma Ujiji ni pamoja na ushuru anaolipa dada mwaloni. Mkopo ule si hisani ya mtu. Ni ushuru wa dada unaomrudia.

Tatizo lilikuwa vikundi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilieleza mikopo isiyorejeshwa na vikundi hewa, na Aprili 2023 serikali ikaisitisha nchi nzima hadi 2024, itafutiwe utaratibu mpya. Kikundi cha dada kilikuwa kimekwisha andika katiba, kimefungua akaunti, kimepiga picha ya pamoja wakiwa na vitenge vya sare. Wakasubiri. Mwenzao mmoja hakuweza kusubiri, mtoto alikuwa anahitajika shuleni, akaenda kwenye kausha damu. Wanaoijua mikopo hiyo hawahitaji maelezo: unachukua asubuhi, unaanza kurudisha kesho yake, na usipokuwa nacho wanabeba godoro. Mikopo ya halmashauri iliporudi, yule mama alikuwa ameacha dagaa, anapika maandazi mlangoni kwake Mwandiga. Sisemi kusitisha lilikuwa kosa. Nasema muda wa serikali unahesabiwa kwa mwaka wa fedha, na wa mchuuzi unahesabiwa kwa giza na mbalamwezi.

Kuna jambo la mpakani ambalo nalo limejificha. Anayepeleka bidhaa zilizozalishwa Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kwenye nchi mwanachama ana utaratibu wake mwepesi: anapewa hapohapo mpakani cheti rahisi cha uasilia, na kwa bidhaa zilizo kwenye orodha hatozwi ushuru wa forodha. Burundi imo kwenye jumuiya tangu 2007, Kongo iliingia 2022. Nimewaeleza vijana wanaopeleka bidhaa kwa baiskeli kupitia Manyovu, wakacheka, wakasema njia ya panya haiulizi cheti. Njia ya panya ina watoza ushuru wake pia, niliwajibu, na wale hawatoi risiti.

Nirudi kwenye daftari. Mwaka 2024 ndio wa kwanza ambao dada aliuandika wote, Januari hadi Desemba. Na ndio mwaka ambao uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kwa makubaliano ya nchi nne zinazochangia ziwa, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na samaki kuzaliana. Migebuka ya utoto wangu ilikuwa mirefu kama mkono wa mtu mzima, na dada anasema siku hizi anaona wa kiganja. Lakini awamu ya pili ya kodi ni Juni 30, katikati kabisa ya ziwa kufungwa, na kwa aliyekadiriwa bila kumbukumbu hiyo 250,000 ni 250,000 ziwa liwe wazi au limefungwa. Wenzake walikopa ili walipe kodi ya mauzo ya dagaa ambao walikuwa bado majini.

Dada aliuza akiba yake ya dagaa wakavu mpaka ikaisha, akapima mafuta ya mawese kwa muda, kisha akakaa. Kila siku aliandika. Nilimwambia siku isiyo na mauzo aweke sifuri, akasema sifuri peke yake inaonekana kama uvivu.

Januari 2025 nikamsindikiza. Jumla ya mwaka ilikuwa 5,200,000. Asilimia 3 ya 1,200,000 iliyozidi ni shilingi 36,000. Kwa faida ya mwaka ule, ambayo kwa mabeseni yake haikufika laki tisa, ile 250,000 ya zamani ingekula zaidi ya robo.

Ofisa hakuwa yule wa mwanzo. Alifungua kauntabuku, akaanza kupitisha kidole. Aprili, mvua. Mei, akasimama.

"Mama, hapa mbona hakuna hesabu?"

"Ipo," dada akasema. "Soma."

Akasoma. Mei 29, sifuri, ziwa limefungwa. Mei 30, sifuri, ziwa limefungwa. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, ni vilevile, mwandiko uleule uliosimama wima kama nilivyowafundisha wote. Jirani yake wa kuanika alikuwepo tena kwenye benchi, safari hii na daftari lake jipya kwenye mfuko wa nailoni. Akajisogeza mbele taratibu, akanyoosha shingo kuangalia ile jumla ya mwisho. Dada akaifunika kwa ncha ya kitenge.